Mama anakwenda Guangzhou: namba isipotee, unite zisiyeyuke

Swali la msomaji: "Mimi ni mama wa biashara, ninauza vitenge na viatu vya watoto katika komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mwezi ujao nasafiri kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Nitapitia Addis Ababa, na wakati wa kurudi nitalala siku 3 Dubai. Mwaka jana nilifika Kasumbalesa tu, mpakani na Zambia, nikarudi unite (salio la simu) za dola 10 zimekwisha na sikupiga simu hata moja. Sasa naogopa. Wengine wananiambia ninunue kadi huko huko, wengine wanasema kuna kadi isiyoshikika mkononi, inakaa ndani ya simu. Namba yangu ndiyo wateja wote wanayoijua, na M-Pesa yangu iko humo. Nifanye nini nisipoteze pesa wala namba? Aksanti."

Jibu:

Mama, tuanzie hapo Kasumbalesa, kwa sababu ukielewa kilichokupata pale utaelewa na mambo ya China.

Simu haijui mpaka. Inachojua ni mnara wenye nguvu ulio karibu. Ukisimama kwenye foleni ya malori upande wetu, minara ya Zambia iko hatua chache, na simu yako ikishika mmoja wao, kadi yako ya Kongo inakuwa mgeni katika nyumba ya watu. Mwenye mnara anaidai kampuni yako, na kampuni yako inakukata wewe. Hiyo ndiyo rominga. Unasema hukupiga simu hata moja, nami nakuamini kabisa. Aliyekula unite zako si mazungumzo, ni mega, yaani data za intaneti. WhatsApp iliendelea kushusha video za magrupu, simu ikapeleka picha zako kwenye hifadhi ya mbali, programu mbili tatu zikajisasisha zenyewe. Forfe, yaani kifurushi, uliyonunua hapa kwa kawaida haivuki mpaka, kwa hiyo kila mega ilihesabiwa kwa bei ya ugenini, ikakatwa kwenye unite zako.

Watu wa umri wangu wengi wanashikwa na mtego huu kwa sababu ya kumbukumbu nzuri. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha mpango wa One Network kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 Kongo yetu ikaingizwa. Mtu alivuka mpaka na kadi yake, akapiga simu kama mwenyeji wa kule. Tulizoea. Jina likageuka Zain, kisha Airtel mwaka 2010, na wazo la kwamba "kadi yangu inafanya kazi popote" likabaki vichwani. Ni kweli inafanya kazi mahali pengi. Lakini bei ile ya undugu ilikuwa ya nchi zilizo chini ya kampuni moja. Guangzhou haimo katika ukoo huo.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili ambavyo hapa nyumbani tunavinunua pamoja: namba na mega. Namba ni jina lako. Wateja wanalijua, WhatsApp inalijua, M-Pesa inalijua. Unasafiri nalo na hulibadilishi. Mega ni chakula cha njiani, na chakula cha njiani mtu hununua mahali kilipo rahisi. Kadi ya Kongo itabaki ndani ya simu ikilinda jina, mega zitatoka kwenye kadi nyingine.

Hapo WhatsApp inawachanganya wengi. Ukiweka kadi ngeni kwenye simu, WhatsApp inaweza kukuuliza kama unataka kuhamia namba mpya. Kataa. WhatsApp haijali mega zinatoka kadi gani. Ikishasajiliwa kwa namba yako ya Kongo, itaendelea kuitumia hata mega zikitoka kwenye kadi nyingine au Wi-Fi. Nimeona mfanyabiashara aliyekubali kuhama kwa haraka akiwa uwanja wa ndege, na wiki nzima wateja wake wakaona namba ngeni ikiwaomba pesa za mzigo. Walidhani ni mwizi, na ungekuwa wewe ungedhani hivyo hivyo.

Kabla ya safari, ishughulikie kadi ya Kongo. Nenda kwenye duka la kampuni yenyewe, si kwa kijana wa kabini anayeuza unite barabarani, uulize maswali mawili: je, kadi yangu imefunguliwa rominga China na Emirati, yaani nchi ya Dubai? Na kupokea simu huko ni kiasi gani kwa dakika? Wengi hawajui kwamba ukiwa rominga hata anayepigiwa analipa. Kupokea SMS kwa kawaida hakulipiwi, na hilo ndilo tunalolitaka, maana SMS ndizo zitakazokuletea namba za siri za WhatsApp au za benki zikihitajika. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta mahali palipoandikwa data za rominga, uzime kwa kadi hiyo. Ungefanya hivyo kabla ya Kasumbalesa, dola zako 10 zingekuwa mfukoni.

Halafu bonyeza ##002# kisha alama ya kupiga. Hiyo inafuta maelekezo yote yanayopeleka simu usiyojibu kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti. Sababu yake ni hii: mtu akikupigia ukiwa Guangzhou usipopokea, simu hiyo inaweza kuwa imeshasafiri hadi China, kisha inarudishwa Kongo kwenye kisanduku, na wewe ukalipishwa kwenda na kurudi. Unalipa simu ambayo hukuisikia hata ikilia.

Kazi nyingine ya jioni moja: pitia majina uliyohifadhi. Mteja uliyemwandika 099 au 081 hapatikani ukimpigia kwa kadi ya nje. Ondoa sifuri ya mbele, weka +243. Anza na watu 20 unaowategemea, yaani nyumbani, mtu wa gari, wakala wa mizigo na wateja wakubwa.

Kuhusu M-Pesa, usiahidi mtu kwamba utamtumia pesa ukiwa China. Menyu ya *1122# inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, si kwenye intaneti, na ukiwa ugenini inaweza kukataa kufunguka. Malipo ya hapa nyumbani, kama kodi ya meza sokoni au ada ya watoto, maliza kabla ya kuondoka. Na tafadhali, Mama, usimwachie mtu kadi yako nyumbani "ili akutolee pesa". Ndiyo kusema umemwachia jina lako, sanduku lako na funguo zake zote kwa siku moja. Weka pia namba ya siri ya hatua mbili katika WhatsApp, uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Sasa simu yenyewe. Bonyeza *#06#. Itakuonyesha namba ndefu za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu. Ukiona IMEI mbili, kwa kawaida simu inakubali laini mbili, na hilo ni jema sana kwa msafiri. Ukiona pia mstari ulioandikwa EID, simu ina uwezo wa ile kadi isiyoshikika uliyoambiwa, inayoitwa eSIM. Ni kadi iliyokwisha kushonwa ndani ya simu. Badala ya kuingiza kipande cha plastiki, unanunua laini kwa intaneti na kuiingiza kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye mchoro wa QR.

Nasisitiza uangalie hili mwenyewe kwa sababu simu zetu Lubumbashi zinatoka kila pembe ya dunia. iPhone 14 na zilizofuata, zilizouzwa Marekani, hazina tundu la kadi kabisa, ni eSIM tupu. Mtu anaweza kufika Guangzhou na kadi mpya mkononi asipate pa kuiweka. Kinyume chake, iPhone nyingi zilizouzwa China bara tangu 2018 zina nafasi ya kadi mbili za plastiki lakini hazina eSIM. Na kuna simu zilizofungwa na kampuni ya nje, haziikubali kadi ya mwingine. Kwenye iPhone fungua Mipangilio, kisha sehemu ya jumla, kisha habari za simu. Pakiwa pameandikwa kwamba hakuna kizuizi cha SIM, uko huru. Kwenye Android njia rahisi ni kuingiza kadi ya kampuni nyingine ya hapa na kuona kama inashika.

Tufike Guangzhou, maana hapo ushauri wangu wa kila siku unapinduka. Kwa nchi nyingi nitakuambia nunua kadi ya wenyeji. Kwa China, na kwa biashara kama yako, nasema usianze nayo.

Sababu si bei. Kadi ya China Mobile, China Unicom au China Telecom si ghali kwa matumizi ya pale. Lakini intaneti ya China ina ukuta: WhatsApp, Facebook, Google na YouTube havifunguki. Utasimama Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wanafanyia biashara, na giga tele ndani ya simu, huku mteja wako wa Kamalondo anasubiri picha ya kiatu na wewe huwezi kumtumia. Tena kuinunua kunataka subira: utatoa pasipoti, na tangu tarehe 1 Desemba 2019 anayesajili laini hupimwa pia uso kwa kamera.

Kadi ya nje inayotumia rominga ndani ya China haikutani na ukuta ule kwa namna ileile. Inashika mnara wa Kichina, lakini mega zako zinabebwa hadi kwa kampuni iliyotoa kadi, mara nyingi Hong Kong, Singapore au Ulaya, na ndipo zinapofungukia intaneti. Kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi. Kitu kilekile kilichokutia hasara Kasumbalesa, hapa kinakuwa msaada wako, ila kwa kadi iliyolipiwa mapema kwa bei inayojulikana, siyo kwa kadi ya Kongo inayokata unite bila kukuuliza.

Hizo ndizo eSIM za wasafiri, kama zinazouzwa na Airalo na wengine. Unachagua nchi, giga na siku, unalipa, basi. Zikiisha zinakatika, hakuna deni linalokufuata. Bei mara nyingi ni dola chache kwa giga moja. Ukitazama matangazo, gawa bei kwa giga na uangalie siku, usidanganywe na neno "bila kikomo", maana mara nyingi baada ya kiasi fulani kwa siku kasi inashushwa hadi picha haiendi. Malipo yanataka kadi ya Visa au Mastercard. Benki za hapa mjini zinatoa kadi ya kuwekewa pesa kwanza. Weka kiasi cha kununulia tu.

Iweke ukiwa bado Lubumbashi, kwenye Wi-Fi nzuri, siku mbili kabla. Mchoro wa QR uoneshwe kwenye simu nyingine au uchapishwe kwenye karatasi, kwa sababu simu haiwezi kujipiga picha yenyewe. Soma pia siku zinaanza kuhesabiwa lini: kuna zinazoanza unapoiweka, kuna zinazosubiri mpaka ishike mnara wa kule. Na ukishaiweka usiifute hata ikionekana haifanyi kazi hapa nyumbani. Nyingi haziwekeki mara ya pili.

Sasa sikiliza jambo linalowashinda hata wasomi. Nimekuambia zima data za rominga kwenye kadi ya Kongo. Kwenye eSIM ya safari unaziwasha. Kwa kuwa ni kadi ya nje, yenyewe ni mgeni China, na bila rominga haitoi hata mega moja. Basi ukifika: kadi ya Kongo rominga imezimwa; eSIM rominga imewashwa; na mipangilio ieleze kwamba data zitumike za eSIM peke yake. Kuna kitufe kinachoruhusu simu kubadilisha kadi ya data yenyewe pale mtandao unapodhoofu. Hicho kizime pia, kwa sababu kinaweza kukurudisha kwenye unite zako usiku umelala.

Simu yako isipokuwa na EID, usinunue simu mpya kwa ajili ya hili. Kuna kadi za plastiki za wasafiri zinazofanya kazi ileile, na wenye maduka ya simu wanaosafiri China mara kwa mara huziagiza au wanajua anayeziuza. Hakikisha imetolewa nje ya China bara.

Ukiingia kwenye Wi-Fi ya hoteli, WhatsApp itanyamaza, kwa kuwa Wi-Fi ile iko ndani ya ukuta. Usihangaike ukidhani simu imekufa. Zima Wi-Fi, rudi kwenye eSIM. Wenye viwanda na maduka watakutaka WeChat, programu ya Kichina ya ujumbe kama WhatsApp, na hiyo ifungue ukiwa hapa, kwa namba yako ya Kongo. Mara nyingi WeChat inadai mtu aliyekwisha kuwa mtumiaji akuthibitishe, na Lubumbashi wapo wafanyabiashara wengi wanaoweza kukusaidia kwa dakika mbili. Huko utatafuta nani? Ukijikuta unaanza kwenda China kila miezi mitatu, hapo ndipo kadi ya Kichina itakuwa na maana, kwa teksi na kwa kupigiwa na wakala.

Giga ngapi? Kwa mazungumzo ya sauti ya WhatsApp hesabu karibu nusu mega hadi mega 1 kwa dakika. Ukizungumza dakika 20 kila siku kwa siku 10, ni mega 200 hivi. Picha ya WhatsApp mara nyingi haifiki nusu mega, kwa hiyo picha 300 za viatu hazikutishi. Kinachokula ni video. Kumwonyesha mteja duka zima kwa video ya moja kwa moja ni mega 5 au zaidi kila dakika. Nusu saa yake inakula kama siku zako nane za sauti. Mimi ningekuchukulia giga 3 kwa siku 10, na 5 kama unajua wateja wako wanapenda kuona kwa macho yao. Lakini kwanza ingia WhatsApp, mahali pa hifadhi na data, uzime kushusha picha na video zenyewe. Zima pia hifadhi ya picha ya mbali na masasisho ya programu mpaka urudi. Kumbuka na saa: Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 6. Wewe ukiwa saa 9 alasiri katikati ya soko, hapa ni saa 3 asubuhi, wateja ndiyo wanafungua. Huo ndio wakati wa kutuma picha.

Addis Ababa usinunue chochote. Unabadilisha ndege tu. Acha simu kwenye hali ya ndegeni.

Dubai ni siku 3, na hapo mambo ni tofauti tena. Kadi za wenyeji ni za e&, iliyokuwa ikiitwa Etisalat, na du; zinasajiliwa kwa pasipoti, na vifurushi vya watalii vipo. Ujumbe, picha na sauti za kurekodi za WhatsApp vinapita vizuri. Kinachozuiwa ni kupigiana simu kwa WhatsApp. Watu wanashangaa, wanaizima simu na kuiwasha mara kumi, kumbe ni sheria ya nchi. Kwa siku 3 nisingekushauri utoe pesa za kifurushi cha uwanja wa ndege, kwa kawaida ni ghali kuliko mjini. Unaponunua eSIM, tazama kama kuna ya eneo inayobeba China na Emirati pamoja, ulinganishe na mbili tofauti. Kama tofauti ni ndogo, chukua ya pamoja, na mazungumzo yafanye kwa sauti za kurekodi. Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, utatembea kwa miguu, na wauzaji wenyewe watakuomba WhatsApp.

Umenitajia Kasumbalesa, na najua utarudi huko, pengine hata ufike Ndola, au ushuke hadi Dar es Salaam kufuata kontena. Kwa nchi hizi za jirani, nunua kadi ya wenyeji na uitunze kwenye pochi, ukiiwekea unite kidogo mara kwa mara isife. Zambia kuna MTN, Airtel na Zamtel. Nenda dukani na pasipoti. Tanzania usajili ni wa alama za vidole. Januari 2020 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Ndiyo maana nakuomba, usinunue ile kadi "iliyo tayari" kwa kijana wa mpakani. Imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Siku mwenye jina akiiomba, inarudi kwake, pamoja na pesa utakazokuwa umeweka humo. Na mtu akitapeliwa kupitia laini hiyo kabla yako, polisi watampigia nani? Watakupigia wewe uliyeishika.

Ukiwa tu Kasumbalesa, upande wetu, ingia mipangilio ya mtandao, zima uchaguzi wa moja kwa moja, chagua kampuni yako ya Kongo kwa mkono. Simu ikikosa mnara itakaa kimya badala ya kuvuka bila wewe kujua. Ukirudi mjini, rejesha uchaguzi wa moja kwa moja, la sivyo utashangaa kwa nini hakuna mtandao Likasi.

Na utakapotua Luano, uwanja wetu wa ndege, rudisha data kwenye kadi ya Kongo kabla ya kuizima eSIM, nunua forfe, kisha fungua *1122# uone kama kila kitu kiko mahali pake.